Waya Usio na Fundo

Asubuhi ya siku ya tatu tangu Vumbi aanguke jukwaani, dada yake alikuwa ameshawahi kiti kile cha kaunta ya kituo cha polisi kinachotazamana na mlango wa mahabusu. Kila konstebo aliyepita, dada alimuuliza neno lile lile.

"Bado hamjampeleka mahakamani?"

"Bado, dada."

"Mnamlea tu. Mngeniachia mimi dakika tano na yule fundi, mngeokota miwani yake peke yake."

Konstebo alipita zake. Dada huyu ndiye aliyemlea Vumbi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, akamsomesha kwa kufagia wodi za hospitali. Jumamosi alikwenda ukumbini na gauni jipya kumtazama mdogo wake akiwarusha watu. Akamwona akishika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto, akipeleka wa kulia kwenye sanduku lake jipya la kuchezeshea muziki, halafu akakakamaa na kwenda chini nalo. Watu wa mbele walipiga makofi kwanza. Walidhani ni mbwembwe zake.

Ndani, mpelelezi alikuwa amelifungua sanduku hilo juu ya meza. Kituoni walimwita Kobe, kwa siri ambayo mwenyewe aliijua vizuri, kwa sababu jambo ambalo wenzake walilimaliza kwa kikombe kimoja cha chai yeye alilikalia mpaka birika likauke. Mkuu wa kituo alisimama mlangoni, saa mkononi.

"Faili linaondoka saa tisa mchana," alisema mkuu. "Fundi kaunda sanduku, sanduku limeua. Na mchana ule ule watu kumi na tano walimsikia akimwambia marehemu, 'Leo utanijua.' Unatafuta nini tena humo?"

"Natafuta alivyoua, mkuu."

"Kwa umeme!"

"Umeme haujipeleki wenyewe, mkuu. Lazima upelekwe."

Mkuu aliguna, akaondoka zake. Kobe akarudi kwenye nyaya.

Sanduku lilikuwa la ukubwa wa begi la shule. Mbavu zake mbao, uso wake bati la alumini. Juu ya bati vilipangwa vitufe vinane, chini yake vizungusho vinne vya chuma, vile vya kuongezea na kupunguzia sauti. Pembeni palikuwa na taa mbili: ya kijani kando ya kitufe cha kuanzisha, nyekundu kando ya kitufe cha kusimamisha. Vitufe vilipeleka habari kwenye kompyuta tu, umeme mdogo usioweza hata kumtekenya mtoto. Lakini fundi alitaka taa zake ziwake sawasawa, kwa hiyo alikuwa ameingiza umeme wa ukutani kwenye kona moja, ndani ya transfoma ndogo kama ngumi ya kuupunguzia nguvu, na kona ile akaizungushia plastiki nzito.

Nyaya zenyewe zilikuwa vurugu. Wa njano umeanzia hapa ukaungwa na wa bluu, wa kijani umeingia mahali ambapo jirani yake ni mwekundu, kama mtu aliyevaa soksi gizani. Ila kila waya ulikuwa umefungwa uzi mweupe wa kushonea, karibu na mwisho wake. Nyingine fundo moja, nyingine mawili. Zile za kona ya umeme wa ukutani, matatu.

Waya mmoja tu haukuwa na uzi. Ulikuwa mnene, mwekundu, umenyooshwa na kukunjwa kwenye kona kama umepigwa pasi. Ulitoka kwenye waya mwekundu wa ukutani, ukapenya chini ya plastiki, ukapanda mpaka kwenye tumbo la bati. Huo ndio ulioua. Aliyegusa kizungusho chochote huku ameshika chuma kingine kilichofika ardhini, na kipaza sauti cha Vumbi kilikuwa hivyo, alikuwa amejiunga mwenyewe katikati.

Kobe alichukua lenzi. Ncha za waya ule, pale ulipokatwa, zilikuwa na kijiulimi kidogo cha shaba kilichochomoza upande. Akaangalia ncha za nyaya nyingine, moja baada ya nyingine, zaidi ya arobaini. Zote laini.

Akakaa akiutazama. Katika sanduku zima, kazi safi ilikuwa hiyo moja tu.

* * *

Fundi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa ameshikilia suruali, maana mkanda walikuwa wamemvua. Mtu wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kamba shingoni. Mezani aliona kitu asichokitegemea: vifaa vyake mwenyewe vilivyochukuliwa kibandani kwake, chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya kikiwa kimeshapata moto, vitufe viwili, taa mbili, betri, kibunda cha nyaya za rangi zote, na kigurudumu cha uzi mweupe.

"Niundie kitufe cha kuanzisha na taa yake," alisema Kobe, "na cha kusimamisha na taa yake. Kama ulivyomfanyia Vumbi."

"Ili mpate ushahidi wa pili?"

"Ili nione mkono wako, fundi."

Aliviangalia. Kisha mikono ikaanza yenyewe, kama ilikuwa imeona njaa siku tatu. Kabla hajamenya waya wowote alikata uzi, akafunga mafundo.

"Hayo ya nini?"

"Moja, umeme unakwenda. Mawili, unarudi. Matatu, umetoka ukutani, ukiugusa shauri yako."

"Wenzako wanatumia rangi."

"Mazoea tu, afande."

Jibu lilitoka haraka mno. Kobe alimtazama akichukua nyaya zozote zilizokuwa karibu, akichoma risasi, akipuliza, akipapasa kila kiungo kwa ncha ya kidole. Taa mbili zilikuwa mbele yake. Alichukua iliyokuwa kulia, akaifunga kwenye kitufe cha kuanzisha, akaunga betri, akabonyeza. Ikawaka nyekundu.

"Tayari," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe uso wake ulilegea. Kazi ilikuwa imekubali.

"Ni taa gani hiyo?"

"Ya kuanzia."

"Rangi yake, fundi."

"Ya kuanzia, si nimekwambia?"

"Haya. Nipe waya wa kijani kwenye kibunda."

Mkono ulikwenda, ukasimama hewani. Wa kijani na mwekundu zilikuwa zimelala pamoja, zimeshikana. "Huu wa mbele?"

"Wa kijani."

Mkono ukarudi, ukalala mapajani. Chuma cha kuchomea kilikuwa kikiunguza kijiti kilichokiegemeza.

"Tangu lini?" aliuliza Kobe.

"Tangu nizaliwe. Kwangu nyekundu na kijani ni kitu kimoja, kama majani yaliyokauka. Hata mke wangu hajui, afande. Miaka ishirini na minane watu wananiletea redio zao, pasi zao, televisheni zao. Sijawahi kuunguza nyumba ya mtu. Mafundo hayanidanganyi. Sasa wakisikia fundi wa umeme hajui nyekundu na kijani, nani ataniletea hata balbu?" Aliinamisha kichwa. "Heri mniandike mwuaji. Mwuaji watu wanamwogopa. Fundi asiyeona rangi watamcheka mpaka wajukuu wake."

Kobe akamwekea mbele ule waya mnene, ndani ya mfuko wa kielelezo. "Huu?"

Fundi aliupitisha vidoleni kwa juu ya plastiki, kutoka ncha hadi ncha, kisha akarudia.

"Hauna fundo. Huu si wangu. Mimi siwezi kuweka waya bila fundo, kesho mwenyewe nitaukosa." Alinyanyua macho. "Yule aliyeuweka aliunga kwa rangi, sivyo?"

"Mwekundu kwa mwekundu."

"Basi anaona."

"Kwa nini hukuyasema haya siku ya kwanza?"

"Ningeyasemaje bila kusema lile jingine?"

"Na 'leo utanijua' ilikuwa ya nini?"

"Alinicheka. Mchana, kwenye majaribio, mbele ya watu, kwa kipaza sauti. Waulize waliosikia. Mimi siwezi kuyarudia."

Kobe akafungua tena karatasi za maelezo ya mashahidi. Watu kumi na tano, na kila mmoja ameandikiwa neno lile lile: marehemu alimtania fundi. Hakuna askari aliyejisumbua kuuliza utani wenyewe ulikuwa upi.

* * *

"Kwa hiyo na wewe umekuja kunipoza," alisema dada wa Vumbi.

"Nimekuja kukuuliza. Mchana ule mdogo wako alimwambiaje fundi?"

"Utani tu. Vumbi hakuwa na mtu asiyemtania. Mimi mwenyewe aliniita Mama Ufagio mbele ya wakwe."

"Maneno yenyewe, dada. Kama alivyoyasema."

Dada alimkazia macho, akaona huyu haondoki. Akavuta pumzi.

"Alibonyeza kile kitufe cha kuanza, ikawaka nyekundu. Akabonyeza cha kusimama, ikawaka kijani. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema kwenye kipaza sauti, 'Jamani, fundi wangu kaniletea gari la kuondoka kwenye nyekundu! Mkiniona barabarani, nipisheni!' Watu wakafa kwa kicheko. Yule mzee akachukua mfuko wake wa vifaa, akasema, 'Leo utanijua,' akatoka." Sauti ilipanda. "Na kweli tukamjua! Kwa hiyo mtu achekwe kidogo ndiyo aue?"

"Una hakika kuanza kulikuwa nyekundu?"

"Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale. Mimi si kipofu."

Kobe alimshukuru, akarudi mezani haraka, na waliomwona wakaangaliana, maana Kobe alikuwa haendi haraka. Sanduku lilikuwa pale pale. Taa ya kijani kando ya kuanza. Nyekundu kando ya kusimama. Sawasawa kabisa, kama inavyotakiwa.

Mchana zilikuwa kinyume. Usiku ule mtu alipokufa zilikuwa sawa. Fundi hakurudi, na hata angerudi asingeliona kosa lake. Mtu mwingine alikuwa amefungua kifuniko kati ya nyakati hizo mbili, na kwa maelezo ya mwenye ukumbi, baada ya majaribio mlango ulifungwa kwa ndani na walibaki watu wawili tu: bibi mfagiaji mwenye miaka sabini, na mshika taa wa jukwaa.

Mtu aliyetaka kuua tu angepachika waya wake akajiondokea. Aliyesimama kugeuza na taa alikuwa mtu wa kazi, ambaye kosa la fundi mwenzake linamwasha mwilini kama upupu.

Kabla ya kutoka alimpelekea fundi sanduku na bisibisi. "Waya usio wako nimeshautoa," alisema, "sasa hizi taa mbili, ambazo mtu alizibadilisha, uzirudishe zilivyokuwa siku ulipolileta." Fundi alifanya kwa kupapasa, dakika saba.

* * *

Mshika taa alikuwa juu ya ngazi, akifuta vumbi kwenye vioo vya taa kubwa. Alipomwona Kobe akiingia na konstebo mnene aliyebeba sanduku, akashuka akijipangusa mikono kwenye suruali.

"Bado mnatembea na hilo jeneza, afande?"

"Wakubwa wanataka maelezo ya mtu anayejua kazi, kaka. Sisi kituoni tunajua kuwasha na kuzima tu."

"Hapo umefika." Alitabasamu. "Yule mzee wenu ni fundi wa redio za bibi zetu. Mwambie aunge jukwaa, atakuungia jiko. Karibu, liweke hapa."

"Kwanza nikatie kipande cha waya, hiki kifuniko kinacheza njiani. Mnene kidogo."

Akachukua koleo mfukoni, akavuta waya kwenye bunda ukutani, akakata. Kobe alikipokea, akakitazama ncha kwa nusu dakika, akakitia ndani ya bahasha badala ya kukifunga kwenye kifuniko. Mshika taa aliona, lakini tayari alikuwa amelishika sanduku.

"Uliandikisha kwamba hukulikaribia."

"Nililikaribia wapi? Wakati wa majaribio nilikuwa nimetoka kununua fyuzi. Niliporudi nikapanda juu, nikabaki juu. Nililiona Vumbi akiwa chini tayari, Mungu amrehemu."

"Sawa." Kobe akachomeka waya ukutani. "Usiogope, ule waya mbaya umetolewa. Nionyeshe tu. Alitakiwa abonyeze wapi kuanza?"

"Hapa." Akabonyeza.

Taa ikawaka nyekundu.

Kidole kilibaki juu ya kitufe. Mshika taa akabonyeza tena, akabonyeza cha pili, ikaja kijani, na uso wake ukakunjamana kama wa mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Nani amezigeuza hizi?"

"Zimegeuzwa?"

"Kijani ilikuwa hapa. Nyekundu pale."

"Hivi ndivyo fundi alivyozileta."

"Najua ndivyo alivyozileta, ujinga mtupu, lakini si zili..." Akakata.

"Endelea, kaka. Wewe ulikuwa umekwenda kununua fyuzi."

Akalamba midomo. "Watu walihadithia. Vumbi alitania, ukumbi mzima unajua."

"Sawa, walikuhadithia zilikuwa kinyume. Nani alikuhadithia kwamba baadaye zikawa sawa? Kifuniko kilikuwa kimefungwa, mlango umefungwa, na mtu alipoanguka umeme ulikatwa pale pale. Taa hizo hakuna aliyeziona zikiwaka tena." Kobe akatoa bahasha, akaweka mezani vipande viwili vya waya, ncha kwa ncha. "Tazama na hapa. Kile kilichomuua Vumbi, na hiki ulichonikatia sasa hivi. Vyote vina kijiulimi upande ule ule. Koleo lako lina pengo."

Konstebo mnene alikuwa ameshahama taratibu, akasimama kati yake na mlango.

Mshika taa alikaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi yake. Alipoanza kusema hakuwa anamtazama Kobe, alikuwa anatazama jukwaa.

"Sanduku la kwanza la Vumbi unajua aliliunda nani? Mimi. Mwaka mzima. Matundu nilitoboa kwa mkono, nikapiga msasa kila moja. Siku moja kitufe kimoja kikagoma. Kimoja! Akalishusha pale sakafuni, ukumbi umejaa, akapanda juu yake na viatu. Akasema kwenye kipaza sauti, 'Leo nacheza juu ya kichwa cha fundi wangu.' Watu wakapiga makofi, afande. Na mimi nilikuwa kule juu nikimmulika. Nilimmulika mpaka mwisho wa wimbo."

"Halafu akaenda kwa fundi mwingine."

"Akaenda kwa yule mzee wa mafundo ya uzi! Nikasema haya, utakufa kwa la huyo, na huyo naye aende na maji. Wote wawili kwa waya mmoja." Alicheka bila sauti. "Ningewapata, ujue. Ningewapata wote."

"Taa ulizigusa za nini?"

"Nilishamaliza. Nimeshika kifuniko, nataka kufunga. Nikaziona. Nyekundu kwenye kuanza." Akatikisa kichwa. "Nilishindwa. Huwezi kufunga kifuniko juu ya kitu kama kile."

"Ungekifunga, saa tisa leo fundi angekuwa njiani kwenda gerezani."

Lile lilimwingia. Akasimama mwenyewe na kunyoosha mikono afungwe pingu. "Basi liandike. Liandike wazi, lisomwe mahakamani mbele ya watu, kwamba fundi wenu hajui hata taa ya kwenda, na mimi ndiye niliyemrekebishia. Hilo moja hamwezi kuninyang'anya."

* * *

Saa nane na nusu, Kobe, aliyetangulia kituoni na kumwacha konstebo akingoja gari na mshika taa, aliweka karatasi mbele ya fundi.

"Unaweza kwenda nyumbani," alisema. "Lakini nimejaribu kuandika mara tatu, na kila nikilitoa jambo lile, ushahidi wote unaanguka. Bila macho yako hakuna aliyezigeuza taa. Litasomwa."

Fundi alisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari. Alipofika pale, kidole kikasimama.

"Nikikataa?"

"Mshika taa atasema nilimtisha. Wewe utarudi ndani."

Alivaa mkanda wake, akachukua mfuko wa vifaa, akatoka. Pale kaunta, dada wa Vumbi aliuona mlango wa mahabusu ukifunguka na mtu anayetoka hana pingu. Alinyanyuka kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mnamwachia! Mdogo wangu ana siku tatu hajazikwa, na mnamwachia!"

"Dada, subiri nikueleze," alianza Kobe.

"Usinieleze! Yeye anieleze!" Alikuwa ameshamfikia, amemkamata kola. Makonstebo wawili wakasogea.

"Mwacheni," alisema fundi. Aliwatazama makonstebo, karani, watu wanne waliokuja kuripoti mambo yao. "Sikumuua mdogo wako. Zile taa niliziweka kinyume kwa sababu siijui nyekundu, wala kijani. Sijawahi kuzijua. Aliyemuua anaziona, ndiye aliyezigeuza zikawa sawa."

"Mwongo."

"Siongopi."

Bado amemshika kola, dada akanyanyua mkono wa pili, mkono wa gauni ukamjaa fundi usoni. "Hii rangi gani?"

Fundi aliitazama. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Mmoja wa wale wanne alikuwa amekwisha kumletea redio mara mbili.

"Sijui, dada."

Dada alimkagua macho, la kulia, la kushoto, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mlango. Vidole vikaachia kola kimoja kimoja. Nje, gari la polisi lilikuwa limesimama, na konstebo mnene alikuwa anamteremsha mtu mwenye pingu.

"Basi nipishe njia," alisema. "Nikamtazame huyo anayeziona."